Tahadhari: "mitishamba halali" anayouza huyu si mitishamba

Jamani, kuna muuzaji anayezunguka mitandaoni na pakiti zinazong'aa. Anaziita uvumba wa mitishamba, eti zinastarehesha kama bangi ila ni halali, na kwenye kipimo cha mkojo hazionekani. Mdogo wangu alimwamini. Alivuta mara mbili tu, akatapika, moyo ukamwenda mbio, kisha degedege. Hospitalini kipimo cha bangi kikaonyesha hana kitu, daktari akawa anapapasa gizani mpaka tulipomletea pakiti. Kumbe ile "haionekani" aliyoisifia ndiyo hiyo.

Majani yaliyomo ni pambo tu. Kinacholevya ni kemikali ya maabara iliyonyunyiziwa juu yake, tena haienei sawasawa: kiganja kimoja hakina kitu, cha pili kinakuangusha. Na nguvu yake si ya bangi. Nyingi kati ya kemikali hizi husukuma vipokezi vya ubongo, yaani sehemu zinazopokea kilevi, hadi mwisho, wakati bangi huvisukuma kwa kiasi. Jimboni Illinois, Marekani, mwaka 2018, wavutaji wa pakiti hizi walianza kutokwa na damu ovyo. Ndani ya pakiti kulikuwa na brodifakoumu, sumu ya panya.

Sasa hilo neno halali. JWH-018, mojawapo ya kemikali hizi, iliyotoka kwenye maabara ya profesa John Huffman wa Marekani kwa ajili ya utafiti, ilikutwa mwaka 2008 kwenye pakiti za Spice, jina la biashara la uvumba wa aina hii. Ujerumani iliipiga marufuku Januari 2009, Marekani Machi 2011. Kila moja ikikatazwa, watengenezaji hubadilisha kipande kidogo cha molekuli na kuuza upya. Nchi nyingine zimechoka kukimbizana nao: China mwaka 2021 ilikataza kundi zima la kemikali hizi kwa mkupuo. Kwa hiyo anayekuapia kuwa yake ni halali hajui kilichomo, au anajua na anakudanganya. Akikamatwa mtu na pakiti, ni mnunuzi.

Nilipomwandikia, alinijibu kwamba kosa ni la mdogo wangu, kwani nyuma imeandikwa "si kwa matumizi ya binadamu". Halafu akanifungia. Baada ya siku chache akaibuka kwa jina jingine, picha zilezile.

Mtu wenu akizidiwa, msimfiche ndani kwa kuogopa polisi. Mkimbizeni hospitali, na hiyo pakiti, hata ikiwa tupu, mwende nayo.