Makazi ya Mgeni Kazini Ughaibuni: Nyumba ya Muda au Mkataba wa Mwaka?

Anayehamia nchi ya kigeni kikazi hukabiliwa mapema na uamuzi wa makazi: apange nyumba yenye samani kwa miezi michache, au atie saini mkataba wa mwaka mzima kwa nyumba tupu. Ya kwanza kwa kawaida hutozwa kodi kubwa zaidi kwa mwezi, lakini humpa nafasi ya kuujua mji kabla ya kujifunga, kwani picha za tangazo hazionyeshi msongamano wa asubuhi wala kelele za usiku chini ya dirisha. Mkataba mrefu huja na amana, ununuzi wa kitanda na jiko, na mara nyingi faini kwa anayeuvunja. Hata hivyo, una nguvu moja ambayo ni rahisi kuipuuza: benki nyingi hudai uthibitisho wa anwani kabla ya kufungua akaunti, na risiti ya chumba cha muda huenda isikubaliwe. Kwa asiye na watoto ningependekeza nyumba ya muda, mradi apewe mkataba wa maandishi wenye jina lake. Mwenye watoto, ambao katika nchi nyingi huandikishwa shule kufuatana na eneo wanakoishi, afadhali achukue mkataba mrefu mapema, akiisha kuikagua nyumba kwa macho yake.