DI boksi ya aktivu: besi yako ina betri au haina?

Wadau, mambo vipi. Leo tupo chumbani kwangu hapa Sinza, na feni nimeizima makusudi ili isiingie kwenye kurekodi. Mkiniona nachuruzika jasho msishangae, joto la Dar mnalijua.

Hiki nilichoshika ni DI boksi, kile kiboksi kinachokaa kati ya chombo na miksa. Mafundi mitambo wanaijua vizuri. Wapiga vyombo wengi wanaiona tu imelala miguuni pao jukwaani, wanachomeka jeki, wanaendelea na mambo yao. Hii ni Radial J48, kampuni yake iko Kanada, na ni ya aktivu, maana yake ndani kuna saketi inayotaka umeme. Siyo yangu. Nimeiazima kwa kaka mmoja mpiga besi, kanipa mwezi mzima kwa sharti moja tu: isirudi na mkwaruzo. Ile nyingine pale nyuma, iliyochubuka rangi, ndiyo yangu. Ni ya pasivu, ndani ina transfoma, haitaki betri wala nini, na imeshapigwa mateke kwenye harusi nyingi kuliko za ukoo wetu.

Swali ninaloulizwa kila siku ni hili: "Bro, ninunue aktivu au pasivu?" Na mimi huwa nauliza: chombo chako kina umeme wake au hakina? Hapo ndipo mambo yote yalipo.

Chukua hili gitaa la besi la mdogo wangu. Halina betri. Pikapu yake, siyo ile ya kubebea matofali jamani, ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu. Nyuzi zikitikisika, kinatoka kiumeme kidogo sana, tena chenye ukinzani mkubwa. Sasa wewe unachukua jeki unachomeka moja kwa moja kwenye laini ya miksa, yaani tundu lake la kawaida, ambalo ukinzani wake ni mdogo, kwa kawaida unacheza kwenye omu 10,000 (omu ndicho kipimo cha ukinzani). Mnaoishi ghorofani mtanielewa haraka. Presha ya maji ni ndogo, halafu jirani wa chini kafungua bomba lote. Wewe wa juu unabaki umeshika sabuni. Kwenye besi, wa juu ni zile sauti kali: mkwaruzo wa kidole, mlio wa chuma, ile "tk" inayomfanya msikilizaji ajue noti imeanza hapa. Zinakauka. Kinachobaki ni "buu buu" kama ngoma iliyofunikwa blanketi.

J48 yenyewe ina omu 220,000 mlangoni. Inafungua bomba kidogo tu, inaonja, halafu saketi yake ndiyo inayofanya kazi ya kusukuma sauti huko mbele. Besi haijui hata kama imechomekwa mahali.

Pasivu inafanya jambo hilohilo kwa ujanja wa mizunguko ya transfoma. Ikiwa na uwiano wa 12 kwa 1, mlango wa maiki wa miksa wenye omu 1,500 unaonekana kwa gitaa kama omu 216,000. Piga hesabu, 12 mara 12 mara 1,500. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema pasivu ni takataka, huyo hajafanya hesabu. Gharama yake ni kwamba sauti inashuka desibeli kama 20 na ushee, inabidi upandishe geini, yaani ukuzaji wa sauti inapoingia kwenye miksa, na kwenye miksa dhaifu ukipandisha geini unapandisha na mvumo.

Jambo la pili, na hili linafanywa na zote mbili, ni kusafirisha. Waya wa jeki wa kawaida ukizidi mita 5 au 6 unaanza kula sauti za juu wenyewe, bado hujafika hata kwenye miksa. Ukitoka kwenye boksi unatoka na kanoni, pini tatu. Pini mbili zinabeba sauti ileile, moja imegeuzwa kinyume. Kelele ya njiani inaingia kote kuwili sawasawa. Miksa inageuza tena ile moja, sauti inajumlishwa, kelele inajifuta. Ukumbini mnajua wenyewe kuna taa za rangi, feni, friji za baa, na jenereta nyuma ya ukuta. Mita 30 mpaka kwa fundi mitambo, besi inafika safi.

Sasa majaribio. Nimemwambia mdogo wangu apige kipande kimoja mara nne, kile cha kutembea chini ya gitaa la solo kama kwenye muziki wetu wa dansi, kwa sababu pale magitaa matatu yanasukana na besi ikivimba inafunika kila mtu. Nimesawazisha ukubwa wa sauti kwenye vyote vinne, maana sikio linapenda kinachopiga kelele zaidi.

Laini ya miksa: mmesikia wenyewe. Blanketi.

Pasivu yangu: imeamka. Katikati pana unono fulani, kama imekunywa chai. Naipenda kwa kweli.

J48: nyuzi zinaonekana. Noti ya chini kabisa haitetemi, inasimama. Pale anapoteleza kwenye uzi wa tatu, sekunde kama ya nane hivi, kidole kinasikika kabisa. Kwenye pasivu kile kidole nilikuwa nakijua kwa sababu nilikuwa namtazama.

Ya nne ni tundu la gitaa kwenye saundi kadi yangu, lile lenye alama ya Hi-Z, yaani ukinzani mkubwa. Na hapa niwe mkweli. Nilikaa na hedifoni karibu saa nzima nikijaribu kujidanganya kwamba nasikia tofauti kati yake na J48. Ipo, ndogo sana, na ukishaweka ngoma na kinanda juu yake humwoni mtu atakayeijua. Kwa hiyo wewe unayerekodi chumbani, meza yako iko mita moja na nusu kutoka kwenye gitaa, na saundi kadi yako ina hilo tundu, hela yako kaa nayo. Nunua nyuzi mpya. Wajanja wa Motown, kampuni ya rekodi kule Detroit, Marekani, miaka ya 1960 walikuwa wanaingiza besi ya mpigaji wao James Jamerson moja kwa moja bila maiki mbele ya ampu. Siri kubwa pale ilikuwa vidole.

Lakini haya yote ni ya besi. Kilichonifanya nitake aktivu yangu mwenyewe ni hii hapa, ilimba, chombo cha vibati vya chuma juu ya ubao kinachopigwa kwa vidole gumba. Wagogo wenzangu mnanisikia. Nimebandika chini ya ubao wake kidude cha piezo, kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme, kile kibati cha mviringo cha shaba kinachotolewa kwenye kadi zinazoimba na alamu, nimekishika kwa nta ya nyuki kidogo ili kitoke bila kuumiza ubao. Piezo ina tabia kinyume na pikapu ya sumaku. Ukiipa mlango wenye ukinzani mdogo, yenyewe inapoteza chini, siyo juu. Nilipoichomeka kwenye laini ya miksa, zile omu 10,000, tumbo lote la ilimba liliondoka. Zilibaki chuma tupu, kama mtu anaosha vijiko. Nikahamia kwenye J48, na ule ubao ukarudi, na ule mchakacho unaotakiwa uwepo ukakaa mahali pake.

Tahadhari lakini. Kibati kikubwa kama hiki kinaridhika na omu 220,000. Ule ukanda mwembamba wa piezo unaokaa chini ya daraja la gitaa la mti au udi wa taarabu, kama hauna saketi yenye betri ndani ya chombo, unataka zaidi: omu milioni 1, na ikifika milioni 10 ndiyo raha. Hao Radial wenyewe wana PZ-DI yenye swichi ya kuchagua, na ipo Countryman Type 85, ya miaka mingi, yenye milioni 10. Kwa hiyo ukiwa mtu wa udi au gitaa la mti lisilo na betri, J48 siyo jibu lako la kwanza.

Kinanda? Dakika moja tu. Kina umeme wake, kinatoa sauti ya nguvu, pasivu inakitosha kabisa. Ukikichomeka kwenye aktivu bonyeza pedi, kwenye J48 inapunguza desibeli 15, la sivyo mpigaji akikanyaga kwenye pambio sauti inapasuka. Laptopu iliyo kwenye chaja ndiyo usiiletee ubishi, transfoma inakata ule mvumo wa hezi 50 kuliko aktivu nyingi, kwa sababu aktivu inarudisha umeme wake kupitia pini ya 1, huwezi kuikata ethi, yaani waya wa ardhini, kabisa halafu utegemee iwake.

Na kwa kuwa tumetaja ethi. Kuna ukumbi mmoja tulipiga, mvumo ukawa mkubwa, kijana mmoja akachukua ampu yenye plagi ya pini tatu, akavunja pini ya juu, akachomeka kijiti kwenye tundu la ethi ili soketi ifunguke. Mvumo ukaisha, watu wakampongeza. Mimi nilienda kuchomoa. Ile pini ndiyo inayokulinda wewe uliyeshika nyuzi za chuma huku mdomo uko kwenye maiki. Mvumo ondoa kwa swichi ya ethi iliyo kwenye DI, hii hapa pembeni. Kwenye umeme wa ukutani usiguse.

Kasoro ya J48 kwangu ni moja na ni kubwa kwa mazingira yetu: haina sehemu ya betri. Inaishi kwa fantomu, yaani umeme wa volti 48 unaotumwa na miksa kupitia waya wa maiki, basi. Kule kwao sawa. Hapa leo unapiga kwenye miksa ya kisasa, kesho unaitwa Mbagala kwenye kwaya yenye kimiksa cha chaneli nne, swichi ya fantomu haipo, boksi lako la thamani linabaki jiwe. Kuna aktivu zinazokubali vyote, fantomu na betri ya volti 9, na kwa mtu anayezunguka mimi namshauri hizo.

Ila betri nayo ina mambo yake. Niliwahi kununua moja ya bei chee Kariakoo, jina nalihifadhi, nikaisahau na jeki ndani tangu mazoezi ya Ijumaa. Nyingi zinawaka zenyewe ukichomeka jeki. Jumapili, katikati ya wimbo wa sadaka, besi ikaanza kukoroma, ikakauka. Mchungaji alinitazama. Jeki chomoa ukimaliza.

Na ukitumia fantomu, funga sauti ya chaneli kwanza, ndipo uiwashe au uchomoe waya. Ule mlipuko wa "PUU" unaweza kuondoka na spika.

Kwa hiyo: besi isiyo na betri na unapiga majukwaani, aktivu, na ikiwezekana yenye tundu la betri. Studio yenye fantomu ya uhakika, J48 chukua bila wasiwasi, ile swichi yake ya kukata chini ya hezi 80 nimeitumia sana kwenye gitaa la mti lenye betri. Kinanda na laptopu, pasivu. Kariakoo kabla hujalipa, mwombe muuzaji aichomeke kwenye miksa uione inawaka, usikubali kuoneshwa boksi la karatasi.

Mwenye mali kashapiga simu mara mbili tangu nianze kurekodi. Kabla sijairudisha, nawawekea ilimba: kwanza laini ya miksa, halafu J48, sijagusa kitu. Ule mlio mdogo nyuma ni bodaboda, mnisamehe.