Simu za Intaneti kwa Ofisi Ndogo: Kipi Ununue Kwanza, Kipi Ukiache Dukani

Mwongozo huu ni wa duka la jumla, zahanati, nyumba ya wageni au ofisi yoyote yenye simu tatu hadi kumi. WhatsApp inatosha kuongea na ndugu aliyeko Muscat. Ofisi inahitaji zaidi ya hapo: namba moja ambayo mteja akiipiga inalia mapokezi, asipopokelewa inalia kwa mhasibu, na mazungumzo yanahamishwa bila kukata. Kazi hiyo hufanywa na akaunti za SIP (utaratibu wa kuunganisha simu kupitia intaneti) kutoka kwa mtoa huduma, pamoja na vifaa tunavyovipanga hapa.

Kabla ya kwenda dukani, pima intaneti yako. Simu moja inayotumia kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 inakula takriban kilobiti 87 kwa sekunde kwenda na kiasi hicho hicho kurudi, yaani kama MB 1.3 kwa dakika. Ukitumia G.729 inashuka hadi kilobiti 31 hivi. Kwa hiyo simu tano kwa pamoja hazifiki hata nusu megabiti kila upande. Kinachoharibu mazungumzo ni laini isiyotulia, wala si kasi ndogo. Saa za kazi, wakati wote wako mtandaoni, fungua Command Prompt kwenye kompyuta ya Windows na uandike: ping -n 600 8.8.8.8, kisha subiri dakika kumi. Pakiti (vipande vya data) zikipotea zaidi ya asilimia 1, au majibu yakiruka kutoka milisekunde 40 hadi 300, maneno yatamezwa hata ukinunua simu ya bei gani. Rekebisha laini kwanza.

Nafasi ya kwanza: simu ya mezani ya IP yenye PoE. Inachomekwa kwa kebo ya mtandao, na umeme unapita humo humo. Faida kubwa ni siku umeme unapokatika: UPS moja (betri ya akiba) ikishikilia swichi ya PoE (kifaa kinachogawa mtandao na umeme kwa simu), ruta na kifaa cha mtoa intaneti, simu zote zinabaki hai. Soma namba ya modeli herufi kwa herufi. Yealink T31P ina PoE. T31 isiyo na P haina. Nyingi za PoE huuzwa bila adapta ya umeme, kwa hiyo kama huna swichi yake, uliza kabla ya kulipa. Na usichomeke adapta ya ruta ya volti 12 kwenye simu ya volti 5 kwa sababu tu kichwa kimeingia. Utaiunguza.

Ya pili: adapta ya simu za zamani, yaani kiboksi kinachounganisha simu ya kawaida na intaneti. Hii ndiyo ya bei nafuu kwa mwenye simu nzima za kawaida, hasa nyumba za wageni. Grandstream HT801 ina tundu moja la simu, HT802 inayo mawili. Hayo ni matundu ya FXS: yanatoa umeme wa laini na mlio wa kupigia, kwa hiyo kinachoingia pale ni simu, kamwe si waya wa kampuni ya simu kutoka ukutani. Waya huo unaweza kuua tundu. Ukitaka kulisha soketi zilizomo ndani ya nyumba, kata kwanza waya unaotoka nje kwenye boksi lake. Anayetaka kubaki na laini ya zamani pia atafute adapta yenye tundu la FXO (la kupokea waya wa kampuni ya simu), kama HT813.

Ya tatu: simu zisizo na waya za DECT, kwa ghala au zahanati ambako mtu hatulii mezani. Kituo kimoja cha Yealink W70B kinabeba mikonga (simu za kushika mkononi) hadi 10. Kuta nene za mawe ya matumbawe hula mawimbi, basi weka kituo katikati ya jengo.

Ya nne: programu kwenye simu ya mkononi, kwa mfano Linphone. Haina gharama ya kifaa na inamfaa anayezunguka. Lakini simu nyingi za Android huzima programu ili kuokoa betri, na mteja anapiga bila kulia popote. Iondoe kwenye orodha ya kuokoa betri siku hiyo hiyo unapoiweka.

Ya mwisho: simu za IP za mitumba. Nyingine zimefungwa kwa mtoa huduma wa zamani, na Cisco za zamani kama 7960 mara nyingi huja na programu ya SCCP, utaratibu wa Cisco wenyewe, isiyoelewana na SIP. Usinunue usichokiona kikijisajili kwa akaunti yako.

Ukishafunga vifaa, ingia kwenye ruta uzime SIP ALG, kipengele cha ruta kinachobadilisha ujumbe wa SIP unaopita. Ndiyo chanzo cha kawaida cha kusikika upande mmoja tu. Badili nywila za kiwandani, usifungulie dunia mlango wa 5060 (namba ya ruta ambayo SIP hupitia), na mwambie mtoa huduma afunge simu za nje ya nchi kama huzihitaji. Wezi hupiga namba za gharama usiku, na bili inakuja kwako.

Jaribio la mwisho liwe la dakika moja kamili, simu ya kuingia na ya kutoka. Ikikatika karibu na sekunde ya 32, uthibitisho wa kupokea simu haukufika upande wa pili na SIP imekata tamaa: rudi kwenye ruta, usibadilishe simu.