Siuan Sanche hakustahili kufa vile: uzoefu wangu na tamthilia ya The Wheel of Time

Nilizima televisheni kabla majina ya waigizaji hayajapita, nikatoka nikakaa barazani, na wifi yangu aliponifuata na kikombe cha chai alidhani nimepigiwa simu ya msiba. Sikuweza kumweleza mara moja kwamba aliyekufa ni Siuan Sanche, mkuu wa Mnara Mweupe, makao ya wanawake wenye nguvu za kichawi, katika The Wheel of Time, na kwamba hasira iliyonishika haikuwa ya kifo chenyewe, bali ya kuona watu waliokabidhiwa hadithi ya mwenzao wakiitupa sehemu yake bora kama utumbo wa samaki. Ninaandika siku nyingi baadaye na bado sijatulia. Habari za waigizaji wote, bajeti na mandhari anayezitaka atazipata kwingine. Mimi nina neno moja tu, nalo linamhusu mwanamke huyu.

Vitabu vya Robert Jordan, ambavyo tamthilia imetokana navyo, nilivianza vibaya. Cha kwanza, The Eye of the World, kilitoka mwaka 1990, lakini kilichofika mikononi mwangu nikiwa sekondari kilikuwa cha nne, The Shadow Rising, tena hakina jalada, nikakisoma bila kujua hata robo ya yaliyotangulia. Ndicho kitabu ambacho ndani yake Siuan anapinduliwa. Mimi ni mtoto wa mvuvi, nimekulia katika nyumba ambayo jarife likianikwa uani hapapitiki, na sikuwa nimewahi kukutana, katika kitabu cha Kiingereza kinene kama tofali, na mtu ambaye wafalme wanamwogopa na bado hawezi kutoa hoja bila kutaja nyavu, mikondo ya maji na samaki. Jordan amemfanya binti wa mvuvi maskini wa Tear, mji ambao msichana akigundulika kuwa anaweza kuitumia ile Nguvu, uchawi wa dunia ile, hupakiwa chomboni siku hiyo hiyo, kabla jua halijatua, apelekwe Tar Valon, mji wenye Mnara huo. Amekwea hadi kwenye kiti cha juu kabisa, na lugha ya gatini amekwenda nayo mpaka huko juu. Watu wetu wengi wanaohamia mjini kitu cha kwanza wanachokificha ni namna yao ya kusema, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuificha yangu nilipokutana naye.

Kitabuni kinachompata ni hiki. Elaida, mpinzani wake ndani ya Mnara, anaongoza mapinduzi, Siuan anavuliwa cheo, anateswa na kutengwa kabisa na Nguvu, jambo ambalo katika dunia ile ni kifo kinachokuja polepole, kwa sababu waliofanyiwa hivyo hupoteza hamu ya kuishi na aghalabu hawadumu. Yeye anadumu. Anatoroka pamoja na Leane aliyekuwa msaidizi wake, na msichana aitwaye Min, na Logain, mwanamume aliyetengwa na Nguvu kama wao. Uso wake unarudi kuwa wa kijana kiasi kwamba waliomjua hawamtambui, na viapo vilivyokuwa vikimzuia kusema uongo vinamtoka, hivyo mwanamke mzima anajifunza upya kudanganya. Anashtakiwa kijijini kwa sababu ya ghala la ng'ombe lililoungua, anamwapia Gareth Bryne, askari mzee, kwamba atamtumikia kufidia hasara, anamkimbia, na mwishowe yule aliyekuwa akiwaamrisha malkia anajikuta akimfulia Bryne mashati, huku chini kwa chini akiwapanga wanawake waliokimbia Mnara waweze kuurudisha. Nynaeve, mwanamke kijana mwenye kipaji cha uponyaji, anamponya katika kitabu cha sita, Lord of Chaos, na hata hapo Nguvu inayomrudia ni pungufu ya ile ya mwanzo. Anakufa, ndiyo, lakini anakufa katika kitabu cha mwisho, ndani ya Vita vya Mwisho, baada ya kazi yote hiyo.

Tamthilia imemkata kichwa. Katika sehemu ya mwisho ya msimu wa tatu, uliorushwa mwaka 2025, Elaida anashika hatamu, Siuan anasema maneno yake ya mwisho mbele ya wenzake, na habari yake imekwisha. Ghala, Bryne, mashati, uponyaji, vyote vimefutwa kwa dakika chache.

Tulikuwa watu sita sebuleni usiku ule, na ubishi uliozuka baada ya wifi kunirudisha ndani ulidumu hadi usiku wa manane. Wawili tu ndio tuliosoma vitabu. Mmoja wa wale wasiosoma, kijana wa chuo ambaye hajafungua hata kimoja kati ya vile 14, alisema akiwa amejilaza kwenye kochi, bila hata kuniangalia: "Dada, kwani huyu mama wa samaki alikuwa na kazi gani tena? Ameshashindwa, acha afe." Nilimjibu kwamba, mdogo wangu, kazi yake inaanzia hapo aliposhindwa. Akacheka, akasema hayo ni mambo ya vitabuni na hii ni televisheni. Sijui kama alikusudia kunidharau, lakini neno lile, mama wa samaki, alilitamka kwa namna ambayo nimeisikia tangu utotoni kutoka kwa watu wanaokula samaki kila siku na kuwazibia pua wanaowavua. Usiku ule nilimsamehe kwa sauti tu.

Mwenzangu aliyesoma vitabu alikuwa na hoja nzito zaidi, na ni haki niieleze kama alivyoieleza. Alisema kwamba msimu wenye sehemu nane hauwezi kubeba mamia ya wahusika, kwamba mapenzi ya Siuan na Moiraine, mwenzake wa Mnara, ambayo vitabuni ni habari ya ujana wao tu, katika tamthilia yamefanywa kuwa uti wa mgongo, na kwamba kwa hiyo kifo cha Siuan kinampa Moiraine jeraha ambalo mtazamaji ataliamini. Nakubali nusu yake. Nakubali pia kwamba watengenezaji walipatwa na mambo ambayo hakuna aliyeyapanga: upigaji picha wa msimu wa kwanza ulisimamishwa mwaka 2020 kwa ajili ya Uviko-19, na Barney Harris, aliyemwigiza Mat, mmoja wa vijana wakuu wa hadithi, aliondoka kabla msimu huo haujakamilika, wakalazimika kuupanga upya mwisho wake na kumleta Dónal Finn katika msimu wa pili. Mabadiliko ya namna hiyo sina ugomvi nayo. Lakini hakuna ugonjwa wala mwigizaji aliyeondoka aliyewalazimisha kumpa Perrin, kijana mwingine wa hadithi, mke ambaye vitabuni hayupo, kisha kumfanya amuue kwa bahati mbaya katika sehemu ya kwanza kabisa. Brandon Sanderson, aliyevimalizia vitabu vitatu vya mwisho baada ya Jordan kufariki mwaka 2007, hakukubaliana na jambo hilo na alilisema wazi. Nami naona ni tabia ile ile: mwanamke anauawa ili mwingine apate huzuni ya kubeba.

Hata hivyo siwezi kusema kwamba tamthilia yote ni mbaya, na hapo ndipo panaponiuma zaidi. Sophie Okonedo aliyemwigiza Siuan alikuwa na macho ya mtu anayesoma mawimbi. Kila alipoingia nilisahau kwamba najua kinachofuata. Sehemu ya nne ya msimu huo huo wa tatu, ile ya Rhuidean, mji wa jangwani, ambamo Rand, mhusika mkuu, anapita katikati ya nguzo za kioo na kuishi, mmoja baada ya mwingine, ndani ya miili ya babu zake, kurudi nyuma hadi enzi ambayo Aiel, taifa la mababu hao, hawakushika silaha kabisa, niliitazama mara tatu. Josha Stradowski anawaigiza mababu hao yeye mwenyewe, na ukiona wajukuu wanavyokitupa kiapo cha mababu kidogo kidogo, kwa sababu ambazo kila moja inaeleweka, unaelewa jinsi taifa zima linavyoweza kusahau lilikotoka. Watu walioweza kutengeneza sehemu ile waliweza pia kumtengeneza Siuan anayefua mashati. Walishindwa kwa kutokutaka.

Kisha, muda mfupi baada ya msimu kumalizika, ikatangazwa kwamba hakutakuwa na msimu wa nne. Tamthilia imesimamishwa ikiwa kwenye matukio ya kitabu cha nne, vikiwa vimebaki kumi. Nilidhani nitafurahi. Nilipoanza kuandika maoni haya nilikusudia kumwambia kila mtu asipoteze saa zake 24 au zaidi mbele ya kitu hiki, lakini niliposikia habari ile nililia kidogo, na leo ningemwambia mtu aitazame hadi sehemu ya saba ya msimu wa tatu na asiende mbele ya hapo. Hapana, hilo nalo ni uongo. Atazame yote, akasirike, halafu atafute kitabu cha nne hata kama hakina jalada.

Liko jambo moja ambalo sikumwambia mtu usiku ule. Msimu wa kwanza ulipokuwa mpya nilimwonesha baba mwanzo wa sehemu ya sita, nikimtafsiria: Siuan akiwa mtoto, baba yake mvuvi, nyumba yao iliyochomwa kwa sababu watu wamegundua alicho nacho, na mtoto kusafirishwa kwa mashua kwenda asikokujua. Baba hapendi televisheni, lakini hilo alilitazama hadi mwisho bila kusema neno, akaniuliza tu kama mtoto alifika salama. Nikamwambia alifika, na akawa mkubwa wao wote.

Nilipokwenda kumsalimia baada ya msimu wa tatu, kabla hata sijakaa vizuri, aliniuliza: "Yule binti wa mwenzangu, yule wa mashuani, aliishia wapi?" Nikasita. Nikamwambia, baba, walimpindua, wakamnyang'anya kila kitu, akaenda kuwa dobi wa askari mmoja mzee.

"Na huyo mwenye nguo, alikuwa mtu mwema?"

Nikavuta mkeka karibu naye, nikaanza na lile ghala lililoungua.