Miungu ya Misri iliyoishiwa mafuta: Trilojia ya Nikopol ya Enki Bilal

Katika katuni hizi za mchoraji na mwandishi Mfaransa Enki Bilal, mwaka ni 2023. Piramidi inaelea juu ya Paris na haiwezi kuondoka, maana mafuta yamekwisha. Ndani yake yumo Anubis mwenye kichwa cha mbweha pamoja na wenzake. Wanamtaka Choublanc, gavana dikteta wa mji, awajazie tangi. Naye anataka alipwe kwa uhai wa milele.

Mwanzo huo pekee unamweka Bilal mbele ya wengi waliowageuza miungu ya Misri kuwa jamii ya viumbe wenye nguvu kupita binadamu. Kampuni ya katuni ya Kimarekani ya Marvel walipowaleta Osiris, Isis, Horus na Seth katika katuni za Thor mwaka 1975, wengi wao walibaki watu wenye misuli na vilemba vya kifalme. Wa Bilal wana vichwa vya ndege na wanyama, kama walivyochorwa kwenye kuta za mahekalu, halafu wana shida za watu: wanagombana, wanachoshwa na umilele, wanapitisha muda kwa kucheza Monopoly. Asiyekufa lakini anahitaji mafuta, huyo unamwamini.

Horus, kichwa cha kipanga, amewaasi wenzake na anatafuta mwili wa kuingia. Anampata Alcide Nikopol, askari mtoro aliyegandishwa angani kwa miaka 30. Nikopol ameanguka na mguu mmoja umekatika, kwa hiyo Horus anamtengenezea mwingine kwa kipande cha reli ya treni ya chini ya ardhi. Itazame picha hiyo taratibu: chuma kizito, kichafu, kimeungwa kwenye nyama. Ushirika wote wa mungu na mtu umo pale.

Soma kwa mfuatano: La Foire aux immortels (1980), La Femme piège (1986), Froid Équateur (1992). Ukianza na cha pili utapotea. Hicho ndicho chenye rangi nzuri kuliko vyote, mwandishi wa habari Jill na nywele zake za buluu katika London na Berlin zenye kijivu, lakini kisa chake ni chepesi na miungu haionekani sana. Cha tatu kinahamia Afrika, katika mji wa Ikweta wenye baridi kali. Afrika yenyewe ni pazia la nyuma tu, na huo ni upungufu wa kweli. Hata hivyo, pambano lake la ngumi na sataranji lilimvutia msanii wa Uholanzi Iepe Rubingh akaanzisha mchezo halisi mwaka 2003: raundi za ubao na za ulingo zinapishana, na unashinda kwa kumwangusha mwenzako au kwa kumfunga shaha wake.

Sasa kununua. Kwa Kiingereza, kitabu cha kwanza kimewahi kutoka kama Gods in Chaos na pia The Carnival of Immortals. Ni kimoja, usilipe mara mbili. Kama utasoma hadithi nzima, chukua toleo lenye vitabu vyote vitatu, ila uliza vipimo kwanza. Albamu za Kifaransa huwa na takriban sm 24 kwa 32, na Bilal anajaza kuta na magazeti maandishi madogo. Karatasi ikipunguzwa, maandishi hayo hayasomeki, na siasa za Paris nyingi zimo humo humo.

Ukinunua La Femme piège ya 1986 ya mtumba, muulize muuzaji kama toleo la kubuni la gazeti la Libération bado limo ndani. Lilikuwa limewekwa bila kushonwa, kwa hiyo hudondoka na kupotea. Lina ripoti ambazo Jill anazituma kutoka 2025 kurudi 1993, na bila hizo pengo la kisa linaonekana kubwa zaidi. Filamu ya Bilal mwenyewe ya 2004 haiwezi kuziba pengo hilo, kwani imeihamishia hadithi New York.