Kutoka Cessna 182 kwenda Cirrus SR22: uzoefu wangu wa mafunzo hapa Mtwara

Marubani wenzangu wa kusini wamekuwa wakiniuliza kama mafunzo ya kuhamia ndege ndogo ya Cirrus SR22 yana thamani ya fedha yake, au ni njia tu ya kumkamua mwenye ndege. Jibu langu: yana thamani, tena kubwa, ila kwa sharti moja. Yafanyike kwenye uwanja utakaourukia na kwenye upepo utakaokutana nao kila wiki. Ukifundishwa mbali kisha ukaletewa ndege huku, nusu ya kazi utabaki kujifundisha mwenyewe, na nyuma umepakia abiria.

Nimerusha Cessna kwa miaka mingi, zaidi 182 ya zamani: vipimo vya saa za mishale badala ya skrini, bawa juu, usukani mbele ya kifua. Tajiri ninayemrushia ni mtu wa korosho, na safari zake ni Dar, Songea, Kilwa Masoko na Mafia. Alipochukua SR22 iliyotumika yenye skrini za Cirrus Perspective, ilibidi nihame nayo. Taratibu za vibali za Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, zina njia yake na sitaziingia hapa. Nazungumzia kile kinachoingia kichwani na mikononi.

Kwa asiyeifahamu, SR22 ni ndege ya injini moja, Continental IO-550 ya nguvu farasi 310, wakati 182 niliyoizoea ina 230. Bawa liko chini, mwili wake si bati bali nyuzi za kioo na gundi ngumu, na usukani ni mkono mfupi ulio pembeni, kushoto kwa rubani. Magurudumu hayakunjwi. Kutoka hapa hadi Dar ni takribani maili za baharini 215, na kwa ndege hii, kama upepo haukukatalii, unatumia saa moja na robo hivi. Mwendo huo ndio unaomvutia tajiri. Kwa rubani maana yake ni kwamba Kilwa inafika kabla hujamaliza kufikiri, na ukichelewa kupanga kushuka, unafika Dar ukiwa juu na mbio, huku mwongozaji wa ndege anakuuliza nia yako.

Mwalimu alikuja huku, mtu wa Afrika Mashariki anayezungumza Kiswahili vizuri, na nashukuru kwa hilo kuliko kitu kingine chochote. Vitabu na video vyote ni vya Kiingereza, sawa, lugha ya anga ndiyo hiyo. Lakini mtu anaposhindwa kuelewa kwa nini pua inakataa kuinuka, maelezo ya lugha aliyoizoea nyumbani yanaingia haraka zaidi.

Somo la kwanza halikuwa angani. Gurudumu la mbele la Cirrus halijaungwa na makanyagio, linazunguka huru tu. Ukiwa chini na mwendo mdogo unageuza ndege kwa breki, ya kushoto au ya kulia. Aliyetoka kwenye Cessna mguu wake umezoea kusukuma kanyagio na pua ikafuata, kwa hiyo hapa anaanza kukanyaga breki mfululizo bila kujijua, huku ameongeza moto wa injini kuishinda breki hiyohiyo. Matokeo yake ni joto. Breki zikipata joto kali mpira wa ndani unaharibika, mafuta ya breki yanavuja, na kumeshatokea moto kwenye ndege za aina hii kwa sababu hiyo hasa. Kwenye breki kuna kibandiko kidogo cha kupimia joto ambacho hugeuka cheusi likizidi. Mwalimu alikuwa anapiga magoti kwenye lami, anakichungulia kupitia tundu la kifuniko cha gurudumu, kisha ananiita nami nichungulie. Hakuna kuondoka kabla ya hapo. Njiani kuelekea mwanzo wa njia ya kurukia neno lake lilikuwa moja: "Kaka, visigino chini." Yaani vidole viondoke kwenye breki, mzunguko wa injini ubaki chini kwenye 1,000 kwa dakika, ugonge breki mara moja kurekebisha, uachie. Tulilirudia hilo hadi mguu ukaacha ubishi.

Mkono wa kulia nao una tabia za kuacha. Kwenye 182 kuna vishikio vitatu: moto (nguvu ya injini), pangaboi, mchanganyiko wa mafuta. Kwenye SR22 kishikio cha pangaboi hakipo, kimeunganishwa na cha moto. Swichi ya matangi nayo haina sehemu ya "yote mawili" kama ya 182. Ni kushoto au kulia, basi. Mwalimu alinitaka niweke saa inikumbushe kubadilisha tangi kila nusu saa, na kila ninapobadilisha nitamke kwa sauti na kuweka mkono kwenye swichi ya pampu ya mafuta. Ni jambo dogo, lakini ndege nyingi duniani zimeanguka zikiwa na mafuta kwenye tangi la pili.

Kutua ndiko kulikonipa imani na mafunzo haya. Cessna 182 ni mvumilivu: ukija na mwendo wa ziada, inaelea kidogo, inashuka, mnasameheana. SR22 inataka namba. Flapu (mabamba ya nyuma ya bawa) zote nje chini ya noti 104, yaani maili za baharini kwa saa, noti 80 ukiwa njia ya mwisho, 77 ukivuka mwanzo wa lami. Ukija na noti kumi za ziada inaelea mbali sana, na rubani asiye na subira anaisukuma pua chini. Hapo inagonga kwa gurudumu la mbele, inaruka juu, inagonga tena, na safari ya tatu pangaboi linakula lami. Dawa ni kupaa tena mara ile ya kwanza inaporuka, bila kubembeleza. Na kupaa tena kwa farasi 310 kunataka mguu wa kulia ulio tayari, kwa sababu ukisukuma kishikio chote kwa pupa huku mwendo ni mdogo, ndege inavutwa kushoto kwa nguvu.

Hapa ndipo sharti langu linapotokea. Njia yetu ya Mtwara ni 01/19, karibu kaskazini na kusini sawasawa. Wakati wa kusi upepo unatoka kusini-mashariki, na mchana unakaza. Ukitua 19, yaani ukielekea kusini, unakupiga upande wa kushoto. Mwalimu alichagua saa nane na saa tisa mchana makusudi, wakati mtu yeyote angependelea asubuhi mapema kulikotulia. Tulizunguka, tukatua, tukapaa, hadi waliokuwa wamekaa kivulini nje ya uzio wakachoka kututazama. Chuo chenye ndege nzuri ya kuigizia kisingenipa hilo, kwa sababu upepo wa kwetu una tabia zake: mita chache kabla ya lami unakatika ghafla, kisha unarudi.

Kuhusu skrini nitasema kwa ufupi, ingawa ndizo zilizochukua muda mwingi kuliko zilivyostahili. Ni nzuri, zinaonyesha kila kitu, na kitufe cha buluu cha kuiweka ndege sawa pale rubani anapopotelewa ni msaada wa kweli. Lakini mtaala aliokuja nao mwalimu ulitungwa ughaibuni, na sehemu kubwa ya kurasa za hali ya hewa inategemea setilaiti inayohudumia Amerika Kaskazini. Huku kwetu kurasa hizo ni tupu. Muda ule ungetumika kwenye kifaa cha kuonyesha radi, ambacho kinafanya kazi popote, na kwenye namna ya kusoma mawingu yetu ya Desemba hadi Aprili yanapojijenga juu ya nyanda za Makonde. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilitoa utafiti wake kuhusu ndege ndogo zenye skrini mwaka 2010, ikakuta kwamba ajali zake kwa jumla zilikuwa chache kuliko za ndege zenye saa za mishale, lakini zile za vifo zilikuwa kwa kiwango kikubwa zaidi. Skrini peke yake haijamlinda mtu. Bora saa moja ya kuzimiwa skrini na rubani otomatiki ukarusha kwa mikono, kuliko saa tatu za kubonyeza kurasa.

Sasa mwavuli. Cirrus ina mwavuli wa ndege nzima, unaoitwa CAPS, unaorushwa na roketi iliyo nyuma ya viti. Kishikio chake chekundu kiko darini, juu ya kichwa. Kabla ya kuruka unatoa pini ya usalama, na kukivuta kunataka mikono miwili na nguvu ya kilo kama ishirini, kama mtu anayejivuta kwenye tawi. Kwa ndege ya toleo hili, kasi ya juu iliyothibitishwa ya kuufungua ni noti 133, na ukiwa umelala sawa unapoteza kama futi 400 hadi ufunguke. Ndege inashuka ikiwa imelala sawa, viti na miguu ya magurudumu vinabeba kishindo. Uliokoa mtu kwa mara ya kwanza kwenye SR22 huko Texas, Oktoba 2002. Januari 2015 rubani aliyekuwa akivusha ndege kwenda Hawaii aliutumia juu ya Pasifiki, akaingia kwenye boti la mpira, meli ya abiria ikamwokota.

Kuujua mwavuli ni kazi rahisi. Kuamua kuuvuta ndiko kunakohitaji mwalimu. Rubani aliyelelewa kwenye Cessna, injini ikizima, macho yake yanaanza kutafuta shamba la kutua. Hapa kwetu angalia vizuri chini: mikorosho, mikorosho, pori la miombo, kisha mikorosho tena. Shamba tambarare lisilo na miti ni adimu, na mto Ruvuma wenyewe una mchanga unaohama. Mwalimu alinifundisha kuamua kabla ya kuondoka, kwa sauti, kila safari. Uwanja wetu uko futi 371 juu ya bahari. Kwa hiyo chini ya futi 900 kwenye kipimo cha urefu, yaani kama 500 kutoka ardhini, natua mbele yangu. Kutoka 900 hadi 2,400, yaani kama 2,000 kutoka ardhini, injini ikizima navuta mara moja, sichambui. Juu ya hapo nina nafasi ya kujaribu tangi la pili, pampu, kisha uamuzi. Alikuwa ananikatia moto ghafla tukiwa juu vya kutosha, na kipimo chake hakikuwa kama nitaiokoa ndege bali sekunde ngapi zinapita kabla mkono wangu haujagusa kishikio. Mwanzoni mkono unakwenda kwenye usukani. Baada ya marudio mengi unakwenda juu wenyewe.

Alifanya jambo moja ambalo halikuwa kwenye mkataba, nami nataka walimu wote waige. Aliomba ruhusa, akawaita vijana wa zimamoto wa uwanja, akawaonyesha roketi ilipo, mahali ambapo hawapaswi kukata wala kusimama iwapo ndege itaanguka na mwavuli haujafunguka. Walimuuliza maswali mazuri kuliko ya kwangu.

Malalamiko ninayo. Kampuni iliyotuuzia mafunzo ilituma masomo ya kabla kwa njia ya mtandao pekee, video nzito, bila njia ya kuzipakua. Umeme ukikatika Shangani, hapa Mtwara, jioni, somo linaishia hapo. Gharama za nauli na malazi ya mwalimu zilitajwa baada ya makubaliano, si kabla. Na marudio waliyoahidi baada ya miezi sita wameyanyamazia, simu hazipokelewi. Hilo la mwisho linaniuma, kwa sababu ujuzi wa mwavuli na wa kutua unapungua usipotumika.

Ushauri kwa tajiri anayefikiria kununua: kama safari zako ni za viwanja vya ndani vyenye changarawe na nyasi, huko Masasi, Nachingwea au Newala, baki na Cessna. Vifuniko vya magurudumu ya Cirrus viko karibu mno na ardhi, na pangaboi halipendi kokoto. Kwa Dar, Songea na viwanja vyenye lami nzuri, ichukue, lakini fedha za mafunzo ziwe sehemu ya bei ya ndege tangu siku ya kwanza. Na kabla ya kulipa, ulizeni maswali mawili: mwalimu atakuja uwanjani kwenu? Atatua nanyi mchana wakati wa upepo? Akisita kwenye lolote, tafuteni mwingine.

Mimi marudio yangu nimeshayaomba kwa mwalimu yuleyule binafsi, bila kupitia kampuni. Tumepanga Januari, mvua zikiwa zimeshika, na safari hii nimemwambia aache kurasa za skrini. Tutafanya mawingu, kutua kwenye lami yenye maji, na kurudi nyuma Dar ikifungwa.