Kuziba Paa Wakati wa Kipupwe: Tathmini ya Mafundi wa Chikongola, Mtwara

Nimesubiri msimu mzima wa mvua upite ndipo niandike, kwa sababu kazi ya paa haipimwi siku fundi anaposhuka ngazi na kuomba malipo yake. Mafundi wanne kutoka Chikongola walitengeneza paa la nyumba yangu iliyoko Shangani mwezi wa Agosti mwaka jana. Mvua zilianza mwishoni mwa Novemba, zikakata mwanzoni mwa Mei, na sasa ni Juni, kusi linavuma na alfajiri shuka moja halitoshi. Kikundi chao hakina jina la biashara wala bango; hupatikana chini ya mwembe, na anayewatafuta huelekezwa na wauza duka wa jirani. Kwa ufupi, kazi yao ya paa nimeiona nzuri sana, kazi ya gata, yaani mifereji ya kukinga maji ya paa, ni ya wastani, na katika kutunza miadi wana upungufu ambao msomaji anapaswa kuujua mapema.

Nianze na suala la majira, maana hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Wenzetu wa Dar es Salaam na Tanga wana vuli na masika, na katikati ya misimu hiyo hupata nafasi ya kupanda juu ya paa. Sisi wa Mtwara na Lindi tuna msimu mmoja mrefu, wa Novemba hadi Aprili na mara nyingine kuingia Mei, na mvua ikishaanza hakuna fundi mwenye akili atakayefumua bati. Kipupwe, yaani Juni hadi Agosti, ndicho kipindi ambacho mbao zimekauka, kuta zimetoa unyevu wake, na nyumba inaweza kukaa siku mbili bila kofia ya paa, yaani bati linalofunika kilele chake, pasipo mtu kulala na wasiwasi. Tatizo ni kwamba kipindi hicho mifuko nayo huwa imekauka. Pesa huku zinakuja na korosho, minada huanza Oktoba, na kuanzia hapo kila mwenye shamba Newala, Tandahimba na Masasi anaezeka, hivyo fundi wa paa anayepatikana Novemba ni yule ambaye wengine wamemkataa, na bado atataja bei anayoitaka. Mimi nilijifunza hilo kwa gharama.

Nyumba yangu iko karibu na bahari kiasi kwamba kusi likivuma kwa nguvu vioo vya madirisha hupata ukungu wa chumvi. Iliezekwa miaka kumi na minne iliyopita kwa bati za geji 30, ambazo ni nyembamba, kwa kuwa kadiri namba ya geji inavyopanda ndivyo bati linavyopungua unene. Kwa misimu mitatu mfululizo dari ya sebule ilikuwa ikivuja mahali pamoja, na doa la kahawia lilikua hadi wajukuu wakalipa jina. Fundi niliyemwita kabla ya hawa, mwezi wa Desemba na kwa haraka, alipanda na chupa ya silikoni pamoja na ndoo ya saruji, akapaka kila alipoona tundu, akachukua shilingi 70,000 na kuniaga kwa heshima zote. Kazi ile ilidumu wiki tatu.

Mafundi wa Chikongola hawakubeba chochote siku ya kwanza isipokuwa ngazi na tochi. Waliingia juu ya dari saa sita mchana, jua likiwa kali, wakazima tochi na kukaa gizani kimya kwa muda, wakihesabu nukta za mwanga zilizopenya kwenye bati. Baada ya hapo kijana mmoja alipanda juu na mpira wa maji akaanza kumwagia paa kuanzia chini kabisa, mstari kwa mstari, akisogea juu pale tu mwenzake aliyekuwa ndani alipompigia kelele kwamba bado pakavu. Niliuliza kwa nini asimwage juu moja kwa moja ili tumalize. Fundi mkuu, mtu wa makamo ambaye wenzake humwita Mjomba, alinijibu, “Mwalimu, ukimwaga juu kila kitu kitalowa na hutajua mwizi ni nani. Maji haya yanaingia Mikindani yanatokea Ligula.” Na kweli, doa la sebuleni lilikuwa linatokana na kofia ya paa iliyoinuka, tena iliyo zaidi ya mita mbili kutoka pale tone lilipoangukia; maji yalipenya huko, yakateremka kwa kufuata papi, yaani mbao zinazopigiliwa bati, yakakutana na kichwa cha msumari na kudondoka. Silikoni yote ya yule fundi wa Desemba ilikuwa imepakwa mahali ambapo hapakuwa na tatizo.

Ukaguzi huo ulichukua saa mbili na haukutozwa chochote, ingawa nadhani wangestahili kutoza, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu ya kazi iliyokuwa na thamani kuliko zote.

Walipofungua kofia za paa, Mjomba alinionyesha mambo ambayo sikuyajua licha ya kuishi chini ya bati maisha yangu yote. Misumari mingi ilikuwa imepigwa kwenye bonde la bati badala ya mgongo, yaani mahali ambapo maji hupita. Mpira mdogo unaokaa chini ya kichwa cha msumari ulikuwa umepasuka kwa jua, na kwa kuwa bati hutanuka mchana na kusinyaa usiku, msumari huchezacheza na kulipanua tundu lake mwaka hadi mwaka. Ile saruji iliyopakwa ilikuwa imejitenga na bati na kuacha ufa wa kupitisha maji, kwa kuwa bati hutembea na saruji haitembei. Tena saruji mbichi hula zinki, kwa hiyo chini yake kutu ilikuwa imeanza kuchimba. Silikoni nayo ilikuwa ya aina ile inayonuka siki wakati wa kupaka. Harufu hiyo ni ya asidi, ambayo nayo hushambulia zinki, na kwa paa la bati hutakiwa silikoni isiyo na harufu hiyo. Tofauti ya bei dukani ni ndogo, lakini nimeingia maduka matatu ya vifaa vya ujenzi hapa mjini na ni muuzaji mmoja tu aliyeweza kunieleza ipi ni ipi. Msomaji anayejinunulia mwenyewe na afungue kifuniko anuse.

Walibadilisha bati nne za upande wa kusini, ambao ndio unaopigwa na upepo wa chumvi, wakaweka za geji 28. Misumari ya paa zima waliing'oa hatua kwa hatua na kuweka skrubu zenye washa za mpira, zote kwenye migongo, na matundu ya zamani yaliyobaki mabondeni wakayaziba kwa vipande vya utepe wa lami wenye uso wa alumini baada ya kusugua kutu na kupangusa vumbi. Nilikuwa na mashaka na utepe huo, kwa sababu niliwahi kuuona umebanduka kwenye nyumba ya jirani. Maelezo yao ni kwamba hubanduka ukibandikwa juu ya vumbi au chumvi, na Shangani hakuna bati lisilo na chumvi, hivyo kwanza waliosha kwa maji baridi ya bomba wakasubiri pakauke. Msimu umepita na haujabanduka hata kona moja. Jambo la mwisho kuhusu bati ni mlalio: kingo za bati mpya zilipandana zikitazama mbali na upepo unaotawala, ili upepo usipate pa kuingiza kidole.

Kuna kazi waliyoipendekeza wao ambayo mimi nisingeifikiria, nayo ni kufunga kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa. Wazee wetu wanasimulia tufani ya Aprili 1952 iliyoupiga mji wa Lindi. Aprili 2019 tulihamishwa majumbani kwa ajili ya tufani ya Kenneth, ambayo hatimaye ilitua kaskazini mwa Msumbiji. Na Mei 2024 tufani ya Hidaya ilileta mafuriko yaliyokata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam. Pamoja na yote hayo, paa langu lilikuwa limekaa juu ya ukuta kwa uzito wake na misumari michache. Walitoboa kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya ukuta, mahali kumi na mbili wakafunga kila kenchi kwa vipande vya chuma vilivyopakwa rangi ya kuzuia kutu. Sijui kama itatosha siku ya siku, na namwomba Mungu isijaribiwe, ila kelele za paa usiku wa upepo zimekwisha.

Kwa upande wa kuta, walinipa ushauri zaidi ya kazi, na ushauri wenyewe ulikuwa wa kunipunguzia gharama. Ukuta wa chumba cha nyuma ulikuwa unatoa unga mweupe na kubandua rangi hadi usawa wa goti, nami nilikuwa nimepanga kuupaka rangi ya mafuta ili nifunge unyevu. Mjomba alinikataza. Tofali zile, alisema baada ya kuonja ule unga kwa ncha ya ulimi, zilifyatuliwa kwa mchanga wa pwani, na chumvi iliyomo hunyonya unyevu hata wa hewani. Rangi ya mafuta ingefanya malengelenge kabla ya Januari. Walichofanya ni kukwangua plasta iliyooza, kuacha ukuta wazi kwa wiki tano za kipupwe ukaushwe na kusi, kisha kupiga plasta mpya na kupaka rangi ya chokaa inayopumua. Anayetaka ushahidi kwamba chokaa huvumilia bahari atembee kidogo Mikindani na kutazama kuta za mawe zilizokaa pale kwa vizazi. Nje walichimba udongo uliokuwa umerundikana hadi kufunika msingi, wakauinamisha uelekee mbali na nyumba kwa kadiri ya sentimita tano kwa kila mita. Unga mweupe umerudi kidogo kwenye kona moja, nao walikuwa wamenionya kwamba utarudi.

Sasa malalamiko. Gata zilifungwa kwa makadirio ya jicho. Mtu aliyetumia saa mbili kumtafuta mwizi wa maji angeweza kutumia dakika kumi na mpira wa kupimia usawa, lakini hakufanya hivyo, na mvua ya kwanza ilipotua maji yalituama katikati ya gata la mbele badala ya kufika kwenye bomba la kushushia. Maji yaliyotuama ni kitalu cha mbu. Paa langu lina mita za mraba 80 hivi, na kwa kuwa milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, mvua ya milimita 50, ambayo kwetu haishangazi mtu, hushusha lita 4,000. Gata lisilo na mteremko haliwezi kubeba mzigo huo. Lilifurika na kulowesha fishabodi, yaani ubao wa ukingoni mwa paa, niliyotoka kuipaka rangi. Niliwapigia simu, wakaahidi kesho, wakaja baada ya siku kumi na sita. Walirekebisha bila malipo na kwa kipimo safari hii, sentimita moja kwa kila mita tatu, wakaongeza kiungo kinachomwaga nje maji ya mvua ya kwanza kabla hayajaingia kwenye tangi. Kiungo hicho nakisifu, kwani paa hukusanya vumbi, majani na kinyesi cha ndege kwa miezi sita, na kwa wenzetu wanaoishi karibu na mashamba ya mikorosho huongezeka salfa inayopulizwa wakati huo huo wa kipupwe.

Kuhusu muda, tulikubaliana siku nne za paa, zikawa saba. Sehemu ya ucheleweshaji ilikuwa halali, kwa sababu kusi likishika kasi mchana bati hugeuka tanga mikononi mwa mbebaji, hivyo walikuwa wakianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuacha mapema. Lakini siku mbili hawakuonekana kabisa, na baadaye nilisikia kwamba walikuwa kwenye kazi nyingine Naliendele. Wangeniambia ningewaelewa. Pia niliokota misumari yenye kutu uani kwa wiki nzima, nyumba ikiwa na watoto wanaocheza pekupeku.

Ufundi wa paa, kenchi na gata ulinigharimu shilingi 280,000, na vifaa vyote, bati zikiwemo, shilingi 465,000 nilizolipa mwenyewe dukani huku Mjomba akichagua. Plasta na chokaa tulipatana kando. Hakuomba malipo yote mwanzoni. Alichukua theluthi, theluthi nyingine kofia za paa ziliporudi, na iliyobaki akaniachia hadi mvua ya kwanza inyeshe, jambo ambalo sijawahi kuliona kwa fundi mwingine. Kwa nyumba ndogo ya bati isiyozidi ghorofa moja ningewapendekeza bila kusita, mradi makubaliano ya siku yaandikwe na gata lisimamiwe kwa macho ya mwenye nyumba. Kwa paa la vigae, au kwa nyumba za kale za mawe, waliniambia wenyewe kwamba hawana uzoefu.

Doa la sebuleni bado lipo kwa sababu sijabadilisha kipande kile cha dari, lakini limekauka tangu Septemba. Banda la jiko la nje ndilo lililobaki, nalo wameahidi kulifanya wiki ya pili ya Julai. Nimeandika tarehe hiyo kwenye karatasi, Mjomba ametia saini, na nimemkabidhi shilingi 40,000 za kuanzia.